Vijiti Vitano, Mwisho wa Laini

Mota ya dada yangu iliungua mara ya kwanza katika wiki ya pili ya mavuno, na mara ya pili kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa mota ile ile. Fundi wa mjini alikuwa ameisuka upya nyaya zake za shaba, akairudisha juu ya msingi wake wa saruji ikinuka vanishi mbichi. Iliponuka tena, ilinuka vanishi inayoungua, na mtu yeyote aliyeishi jirani na mashine za kukoboa mpunga huijua harufu hiyo kama anavyoijua harufu ya wali ulioshika chini.

Dada alizima swichi, akajifuta pumba usoni kwa pindo la kitenge, akasema bila kupandisha sauti:

"Itasukwa mara moja tu zaidi. Ikiungua tena naiuza, mashine na banda lake, narudi kushika jembe. Sitaki pole ya mtu."

Alikuwa amenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na tangu utotoni sikuwahi kumsikia akitamka neno asilolikusudia. Mashine ile waliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na shemeji yangu alifariki kabla haijatimiza misimu miwili. Tangu hapo dada aliiendesha peke yake. Mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha Kilatini na Kiswahili, nikarudi Ifakara na masanduku mawili ya vitabu, nikapewa chumba cha nyuma. Kazi yangu bandani ilikuwa kushika mdomo wa gunia, na hata hiyo niliifanya polepole mno, kwa mujibu wa wateja.

Mashine zilikuwa tano, zimepangana upande mmoja wa barabara ya vumbi inayotoka mjini kwenda mashambani. Zote zilipata umeme kutoka transfoma moja, iliyotundikwa juu ya nguzo mbili mbele ya mashine ya kwanza. Kutoka hapo nyaya zilikwenda nguzo kwa nguzo, zikaigawia ya pili, ya tatu na ya nne, zikaishia kwenye ukuta wa dada yangu. Baada ya nguzo yake hapakuwa na nguzo nyingine. Palikuwa na mpunga, na mbele ya mpunga matete ya mto.

"Kwako umeme unafika umeshavua viatu," alizoea kumtania mwenye mashine ya kwanza, bwana mnene, mcheshi, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika mashamba ya miwa ya Kidatu kabla ya kuhamia kwetu. "Kwangu unaingia na tai shingoni."

Dada alicheka pamoja na wengine. Lakini jioni hiyo ya mota kuungua mara ya pili aliniuliza swali ambalo, nilibaini, alikuwa amelitunza siku nyingi.

"Nieleze wewe uliyesoma. Kidatu si hapo tu? Anayepanda basi alfajiri anakunywa chai ya saa nne kule. Umeme unazaliwa pale majini, halafu unafika kwangu hoi. Unapita wapi?"

Sikutaka kumpa jibu la kubuni. Nilimwomba siku tatu. Niliazima vitabu vya ufundi, nikavisoma kama nilivyozoea kusoma, yaani sikuvuka mstari kabla sijauelewa. Siku ya tatu tulikaa uani tukipepeta chenga, nikamwambia nilichokipata.

"Umeme wa Kidatu hauji kwetu moja kwa moja kama jirani anayekatiza uwanja. Kwanza unapandishwa volti, nyingi sana, unapita juu ya minara ya chuma na kuungana na umeme wa nchi nzima. Kisha unashushwa kituoni, halafu unashushwa tena kwenye transfoma yetu."

"Unapandishwa ili ushushwe?"

"Fikiria mpunga unatoka Malinyi. Ukiubeba kwa vikombe, safari ni nyingi, na kila safari punje zinadondoka. Ukiubeba kwa magunia, safari ni chache na kinachopotea ni kidogo. Volti ni ukubwa wa chombo. Kule minarani umeme unasafiri kwa magunia. Ukifika kwenye transfoma yetu, gunia linafunguliwa, na kuanzia hapo ni vikombe. Kutoka kwa jirani wa kwanza hadi kwako, vikombe vinamwagika."

"Basi ni hapo ninapoibiwa. Kati ya transfoma na mimi."

"Huibiwi na mtu. Waya ndio unaokula, na unakula kwa kupata joto. Na kadiri watu wengi wanavyovuta kwa pamoja, ndivyo unavyokula zaidi."

Alipepeta ungo mara mbili tatu. "Waya una ulafi wa bata," akasema, akaendelea kupepeta. Nilijua nilikuwa nimemweleza ugonjwa bila kumpa dawa.

Katika ujana wangu nilifundishwa kulinganisha nakala za maandishi ya kale. Kanuni zake zilikuwa chache: usimwamini mnakili mmoja, andika unachokiona, hasa kile kinachokuudhi, usisahihishe kabla hujamaliza kusoma. Sikuwa na ufundi mwingine wa kumpa dada yangu, basi nikampa huo. Mota iliporudi kutoka kusukwa, nilinunua mita ndogo ya volti, nikaitundika kwenye soketi ya ukutani kwake, nikafungua daftari lenye mistari.

Mita ilipaswa kusoma mia mbili na thelathini au karibu yake. Alfajiri, mashine zikiwa kimya, ilisoma mia mbili ishirini na nane. Mashine tatu zikifanya kazi, mia mbili na tisa. Zote tano, kama mia mbili hivi. Hapo mota ya dada iliguna kidogo lakini ilizunguka. Niliandika haya kila robo saa, siku baada ya siku, nikapiga mstari mwekundu chini ya kila kilichotoka kwenye kawaida. Na mistari myekundu ilikuja yote mahali pamoja: dakika ile umeme unaporudi baada ya kukatika.

Umeme ulikatika kwa sababu za kawaida, mvua, tawi, matengenezo. Uliporudi, mita iliruka juu kwa kufumba na kufumbua, kisha ikaporomoka chini ya mia na thelathini. Mota zikaguna zote bila kuzunguka, taa zikawa nyekundu kama makaa, halafu kukawa kimya tena. Watu wa barabara yetu walikuwa na neno la jambo hilo. Walisema umeme "umechungulia." Umechungulia, umetuona, umeondoka. Kwa kweli kilichoondoka kilikuwa fyuzi ya transfoma. Mafundi wa umeme walikuja na ngazi, wakaweka nyingine, wakatikisa vichwa. Mara nyingine ulichungulia mara tatu kwa siku moja, na mara zote mbili ambazo mota ya dada iliungua, iliungua katika kuchungulia huko. Hilo nililijua kwa kumuuliza, naye alikumbuka.

Nilikuwa na ushahidi mwingi na sikuwa na maana yake. Nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, mhandisi, anayehudumia mitambo ya umeme wa upepo katika milima ya nyanda za juu kusini. Nilimfundisha insha, yeye alinisahihisha hesabu za alama mara mbili mbele ya darasa zima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Upepo upo?"

"Upepo upo tangu Mungu aumbe mlima. Kazi yangu kubwa wala si upepo, Mwalimu. Ni kuifundisha mitambo adabu ya kukaa na wenzake kwenye gridi."

Nikamsomea daftari. Nilisoma kwa muda mrefu, naye hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo darasani hakulifanya kamwe. Nilipomaliza alisema:

"Volti umeziandika vizuri sana. Sasa nisomee nani anaanza."

"Anaanza nini?"

"Umeme ukirudi. Mashine gani inawaka kwanza?"

Nilifungua kurasa nyuma na mbele, ingawa nilijua hakuna. Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikitazama mita ukutani, na sikuwahi kutoka mlangoni kutazama barabara.

Akanieleza kwa upole. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaovuta ikishashika mwendo, kama mtu anayesukuma toroli la magunia kutoka kwenye kusimama. Zikianza tano kwa pamoja mwisho wa waya mwembamba, volti huanguka, na volti zikianguka hakuna hata moja inayopata nguvu za kushika mwendo. Zote zinabaki kwenye kusukuma, zinavuta, zinapata joto. Ama fyuzi iondoke, ama mota.

"Na anayeumia zaidi ni wa mwisho wa laini," akasema. "Hata huku iko hivyo. Zamani mitambo ya upepo, ikihisi volti zimeshuka, ilijitoa yote kwa pamoja, kila mmoja ajiokoe. Gridi iliyokuwa inayumba ikaanguka kabisa. Sasa tunaifunza kuvumilia ule mshtuko, ishikilie, isaidie kuzinyanyua volti. Na ikibidi kutoka, inarudi kwa utaratibu, haikurupuki. Nenda katazame nani anaanza, Mwalimu. Nadhani utakuta wote."

Kesho yake nilitembea kutoka transfoma hadi kwa dada, banda kwa banda. Kila mashine ilikuwa na swichi ya kuanzishia yenye vitufe viwili, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Swichi za namna hiyo zimetengenezwa kwa busara: umeme ukikatika zinajifungua zenyewe, na mashine haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kijani kwa kidole chake. Kwa bwana wa mashine ya kwanza niliona kipande cha mwanzi, kimechongwa vizuri, kimebanwa kati ya fremu ya chuma na kitufe cha kijani, kikikigandamiza daima.

"Hicho ni nini?"

"Kijiti," akasema kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa mvua ni nini. "Ndugu yangu, wateja wanakaa hapo barabarani na baiskeli zao, magunia juu. Umeme ukirudi, wanakimbilia mashine iliyonguruma kwanza. Wewe ukingoja kutembea mpaka kwenye kitufe, mteja kaondoka. Kijiti changu hakilali, hakiendi msalani."

Mashine ya pili ilikuwa na kijiti. Ya tatu, kijiti. Ya nne ilikuwa na mpini wa kijiko. Nilifika kwa dada nikiwa tayari nimeandaa maneno ya kuwalaumu majirani, nikainua macho kwenye swichi ambayo nilikuwa nimekaa chini yake wiki tatu. Kijiti cha dada kilikuwa cha mti wa mwembe, kimeng'ara kwa kushikwashikwa.

"Kumbe hukukiona?" akasema. "Nilidhani umekiandika."

Nikamweleza. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja juu ya mota kama mtu anayempima mtoto homa. Nilipofika mahali pa wote kuanza kwa pamoja, akaanza kutabasamu, na kabla sijamaliza alikuwa anacheka kwa sauti.

"Ndege," akasema. "Umesahau ndege?"

Sikuwa nimesahau; nilikuwa sijaunganisha. Utotoni sisi wawili tuliwinga ndege katika mpunga wa baba, kila mtoto wa kila shamba juu ya dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Kweleakwelea walikuja kwa makundi kama moshi. Kosa la watoto wageni lilikuwa kupiga kelele wote kwa mara moja. Ndege waliinuka, wakazunguka juu yetu, hawakuona pa kwenda, wakarudi kutua pale pale, katika kila shamba. Sheria yetu ilikuwa kwamba anaanza wa dungu la mwisho, la upande wa msitu. Wa pili anakaa kimya, mawe mkononi, mpaka sauti ya wa kwanza imalizike na kundi lisogee. Kisha yeye, kisha mwingine, mpaka ndege wote wamesukumwa nje, mtoni. Dungu la mwisho lilikuwa letu. Dada ndiye aliyeanza.

"Hapa pia ni mimi ninayeanza," akasema. "Nikianza wakati waya haujachoka, napata nguvu zote. Nikishashika mwendo, anafuata wa nne. Kweli au uongo?"

Nilimpigia simu mhandisi nikiwa nimesimama pale pale. Alisema ni kweli, na kwamba kama dada yangu anataka kazi milimani, nafasi anaweza kuiulizia.

Wenye mashine watano walikutana siku iliyofuata nyuma ya lundo la pumba la mashine ya tatu, wameketi juu ya magunia matupu. Dada alisema maneno machache: vijiti vyote vitoke, umeme ukirudi, aanze wa mwisho, kila mmoja amngoje jirani yake ashike mwendo.

Bwana wa mashine ya kwanza aliweka mikono juu ya tumbo. "Shikamoo kwanza, dada yangu, maana nataka kukukatalia kwa heshima. Kisima kiko mlangoni kwangu. Mimi ndiye ningoje watu wa mbali wachote?"

"Wewe hukuwahi kuwinga ndege," akasema dada.

"Miwa hailiwi na ndege."

"Ndiyo maana. Ninyi kule mliwinga malori."

Walicheka mpaka pumba zikamporomokea mwenye mashine ya nne mgongoni. Watatu wa katikati walikuwa wamekulia madunguni kama sisi, wengine upande wa Ulanga, na nilipoona nyuso zao nilijua kwamba wameshaelewa kabla daftari langu halijafunguliwa. Lakini bwana wa kwanza alikuwa na hoja ya kweli, na dada hakuipuuza. Yeye akiwasha baada ya wote, wateja wake watakimbilia kwa walionguruma kabla.

"Basi tuweke sheria ya pili," akasema dada. "Gunia likishalala kwa mtu, halihami. Mtu achague mashine yake umeme ukiwa haupo. Akija kwangu na gunia lililolala kwako, nalirudisha mwenyewe, kichwani."

Yule bwana alitazama pumba, akatazama transfoma yake. "Siku moja," akasema. "Kesho kutwa wametangaza matengenezo ya laini, umeme unarudi saa sita mchana. Tujaribu siku hiyo moja. Ukichungulia, kijiti changu kinarudi, na mwalimu huyu ananibebea magunia msimu mzima."

"Unajitafutia hasara," akasema wa tatu. "Umemwona anavyobeba?"

Dada alikusanya vijiti vyote vinne na mpini wa kijiko uliohesabiwa kijiti kwa heshima, akavifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Vinakaa kwangu. Vitarudi kwenu, ama havitarudi."

Siku ya matengenezo barabara ilijaa tangu asubuhi. Baiskeli zilikuwa zimelala juu ya majani, bajaji mbili zimeegeshwa kivulini, magunia ya kila mtu yamelala kwa aliyemchagua, na habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mtihani. Saa tano na nusu nilikaa kwenye kibao changu chini ya mita, daftari gotini. Dada alisimama mbele ya swichi. Kitufe cha kijani kilikuwa wazi, na nilimwona akikitazama kama kitu kipya. Mota ikiungua leo, angeuza mashine na banda. Fundi alikuwa amemwambia kwamba shaba ile haitavumilia kusukwa tena.

Saa sita kasoro dakika saba mita iliwaka. Mia mbili ishirini na nane. Barabara nzima ilisikia taa ya banda la pili ikipiga mlio wake wa kuwaka, na hakuna mashine iliyonguruma. Katika wiki zote za daftari langu, ilikuwa mara ya kwanza umeme kurudi ukakuta adabu.

Dada alibonyeza.

Mota iliguna. Mia na themanini na moja, niliandika. Mkanda ulijivuta, ukateleza, ukashika. Mguno ukapanda kidogo, kisha zaidi, kisha ukanyooka na kuwa mngurumo, na namba zikaanza kurudi juu kama mtu anayepanda ngazi kwa raha zake. Mia na tisini. Mia mbili na tano. Mia mbili kumi na tisa, zikatulia.

"Tayari!" nilipiga kelele. Dada akatoka mlangoni, akaweka mikono mdomoni, akaita ule mwito wa dunguni, mrefu, wa kuvutwa, ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto. Na hapo tuligundua kitu ambacho hatukukifikiria, si yeye, si mimi, si mhandisi: mashine yake ilikuwa inanguruma. Mwito ulifia mlangoni. Mwenye mashine ya nne alisimama kwake mkono juu ya kitufe, akitutazama, asisikie, asijue kama ni ndiyo au ni ngoja. Barabarani watu walianza kusimama. Nilimwona bwana wa kwanza, kule mbali chini ya transfoma, akitoka nje na kushika kiuno.

Kisha mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya dada, aliyeona punje nyeupe zikianza kushuka kwenye beseni lake, alipiga kigelegele. Hakukusudia kumwarifu mtu, alifurahi tu. Lakini kigelegele kilipenya mngurumo kama sindano inavyopenya gunia. Mwenye mashine ya nne akakisikia, akabonyeza.

Mita ilishuka hadi mia na themanini na mbili, ikapanda, ikatulia mia mbili kumi na tatu. Wateja wa nne nao wakapiga vigelegele, sasa kwa makusudi. Ya tatu ikawaka. Namba zikaanguka, lakini si kwa kina kile, kwa sababu mashine ile ilikuwa karibu zaidi na transfoma na haikuupitishia mzigo waya wetu wote. Vigelegele. Ya pili. Anguko dogo zaidi, na mota ya dada haikubadilisha hata sauti. Kila mstari niliouandika ulikuwa na anguko dogo kuliko wa juu yake, zikashuka ukurasani kama ngazi, na sijawahi, katika maisha ya kusoma maandishi mazuri, kusoma ukurasa mzuri kuliko ule.

Ilibaki moja. Magunia ya bwana wa kwanza yalikuwa yamelala kwake, na hakuna hata moja lililohama. Wenyewe walikaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Naye alikuwa amengoja, mtu ambaye kisima kilikuwa mlangoni kwake, mashine nne zikinguruma masikioni mwake. Vigelegele vilipomfikia aliingia ndani mbio, na mngurumo wa tano ukajiunga na mingine. Mita ilitikisika, ikasimama. Mia mbili na moja. Zote tano zilikuwa zinazunguka, na umeme haukuwa umechungulia. Ulikuwa umeingia ndani ukakaa.

Barabara ililipuka. Watu walipiga makofi, kengele za baiskeli zililia, dereva wa bajaji alibana honi mpaka akaambiwa atamaliza betri. Dada hakushangilia. Aliweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo muda mrefu, nami nikaona mabega yake yakishuka polepole, kama mtu aliyetua mzigo aliousahau kichwani.

Alasiri bwana wa kwanza alikuja kwa baiskeli, amejaa pumba hadi kwenye nyusi. Aliigusa mota bila kuomba ruhusa.

"Vuguvugu tu," akasema.

"Vuguvugu tu," akasema dada.

Akanigeukia. "Mwalimu, kwenye hilo daftari lako, umeandika kwamba nilingoja?"

"Nimeandika saa uliyowasha."

"Saa haitoshi. Andika nilingoja."

Nikaandika, mbele yake, na akasoma mwenyewe kuhakikisha.

Umeme ulikatika mara nyingi tena msimu ule, kama kawaida yake, na kila uliporudi, vigelegele vilitembea kutoka mwisho wa laini hadi kwenye transfoma kabla mashine ya mwisho haijanguruma. Mafundi wa umeme walipita siku moja na ngazi yao, wakauliza kwa nini siku hizi hatuwaiti. Mota ya dada ilikoboa mpunga mpaka gunia la mwisho la mavuno, na haikunuka kitu.

Siku ya kufunga msimu aliwaalika wote wanne kula wali wa mchele mpya uani kwetu. Bwana wa kwanza, akiwa na sahani yake ya pili, alikumbuka.

"Na vile vijiti vyetu, dada yangu? Ulisema vitarudi ama havitarudi."

Dada alielekeza mwiko kwenye mafiga. Chini ya sufuria, katikati ya kuni, mwanzi wake uliochongwa vizuri ulikuwa umebaki majivu marefu, membamba, bado yameshika umbo. Mpini wa kijiko tu ndio ulikuwa haujaungua. Aliutoa kwa koleo, akausugua mchangani ukang'aa, akamrudishia mwenye mashine ya nne kwa utani, ale nao.